Nafasi ya Arobaini na Moja

Siku ya Ijumaa Kuu, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana, wakulima arobaini na mmoja wa kijiji cha Nakapanya, wilayani Tunduru, walisajiliwa kwenye mfumo nilioubuni mimi. Kila mmoja alipewa karatasi yenye jina na namba yake. Kufikia saa saba hakuna jina hata moja kati ya hayo lililokuwa limebaki kwenye mashine yoyote. Mfumo ule ulijengwa ili kila jina liwe na nakala tatu katika miji mitatu. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya, na sikuwa na kazi nyingine.

Naandika haya mwezi wa sita, ofisini Songea, nimevaa sweta mbili. Usiku nalala vizuri, lakini asubuhi nikiamka uchovu uko palepale nilipouacha. Nina tabia ya kuandika kwenye daftari saa na maneno ya aliyesema, tabia niliyoianza shuleni nilipokuwa nikiandika habari za gazeti la ukutani. Kwa hiyo karibu yote ninayoyasimulia yako kwenye daftari hilo.

Muungano wetu wa vyama vya wakulima uliniita ukitaka daftari moja kwa wakulima wote. Karani wa kijiji angefungua tovuti kwenye kishikwambi chake, aandike jina la mkulima, shamba liko wapi na lina miti mingapi, kisha mfumo umpe mkulima namba. Bila namba hiyo hakuna mbolea ya ruzuku, na kwa watu wa korosho hakuna salfa ya kupulizia mikorosho. Tatizo la daftari la namna hiyo ni kwamba kwa miezi mingi linakaa kimya, halafu usajili ukikaribia kufungwa makarani wa vijiji vyote wanaingia kwa pamoja. Mashine moja haiwezi kubeba hilo, na hata kama ingeweza, siku ikizimika kila kitu kinasimama.

Nikachora viboksi vitatu. Cha kwanza kilikuwa mashine ya Songea. Cha pili kilikuwa mashine ya Tunduru, ambayo ingepokea majina ya upande wa korosho. Mashine hizo mbili zingeandikiana kila linaloingia, na moja ikizimika nyingine ingebeba kazi yote. Kiboksi cha tatu kilikuwa Dar es Salaam, kwenye chumba cha kukodi. Hicho kingechukua nakala kutoka Songea kila jioni na kuitunza.

Niliupeleka mchoro kwenye kikao. Mwenyekiti wa muungano, mzee wa mashamba ya mahindi ambaye miwani yake imefungwa kwa uzi, aliutazama kwa muda mrefu.

"Injinia, mashine mbili za nini? Si tununue moja iliyo nzuri?"

"Moja ikizimika, mzee, nyingine inashika. Karani wala hajui kama kuna kilichotokea."

"Kama parokia yenye mapadri wawili," akadakia mjumbe mmoja. "Mmoja akiumwa, misa ipo."

"Na wakiumwa wote wawili?" akauliza mwenyekiti.

"Tunasali rozari, mzee, tunarudi nyumbani."

Wakacheka. Mimi nilijibu bila kucheka. Jibu langu liko kwenye daftari: "Songea na Tunduru haziwezi kuzimika siku moja. Ni miji miwili, mvua mbalimbali, watu mbalimbali." Nililisema hilo la watu kama sifa ya mfumo.

Mwanzoni mashine ya Tunduru haikuruhusiwa kumjibu karani "imepokelewa" mpaka Songea nayo iwe imeandika. Ilikuwa kama hati inayohitaji sahihi mbili. Mtandao ukiwa mzuri ilichukua muda mfupi tu, ukiwa mbaya karani alisubiri. Karani wa Nakapanya, baba wa watoto wanne ambaye hawezi kukata simu bila kutania, alinipigia.

"Dada, mashine yenu inanidhalilisha."

"Imefanya nini tena?"

"Mzee amesimama mbele yangu, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Ananiuliza, mwanangu, kwani jina langu ni gumu? Mwingine ameondoka, anasema atarudi akishapalilia."

Walilalamika wengi. Mwishowe nikabadilisha. Tunduru iandike yenyewe, imjibu karani papo hapo, kisha iitumie Songea nakala. Kwa kawaida nakala ilifika kabla kiprinta cha karani hakijamaliza kutoa karatasi. Songea isipopatikana, Tunduru ingeyashikilia majina hayo peke yake mpaka Songea irudi. Kwenye maelezo ya mabadiliko niliandika "hatari ni ndogo sana" nikaweka sahihi. Karani akanipigia kunishukuru. "Sasa inakimbia kama bodaboda isiyo na breki," alisema, nami nikafurahi.

Kwa zaidi ya nusu mwaka mfumo haukusimama hata siku moja. Kila mwezi nilipeleka ripoti kwa mwenyekiti, na kila mwezi ilikuwa ya kijani kuanzia juu hadi chini. Mfumo ulinitumia ujumbe mfupi kwenye simu kila mashine moja ilipopotea: "Tunduru haipatikani, Songea imeshika." Siku nyingine: "Songea haipatikani, Tunduru imeshika." Baada ya saa kadhaa ujumbe mwingine ungesema iliyopotea imerudi. Nilidhani ni umeme, kwa kuwa huku kwetu umeme unakatika na kila mtu anajua, na sikumwuliza mtu yeyote. Niliuzoea ujumbe ule kama mtu anavyomzoea jogoo wa jirani.

Alhamisi Kuu, saa tisa alasiri, ulikuja ujumbe kwamba Songea haipatikani. Nilikuwa nafua mashuka. Niliusoma, nikairudisha simu juu ya ndoo.

Kesho yake ilikuwa sikukuu, lakini Nakapanya si watu wa Ijumaa Kuu, na usajili ulikuwa unafungwa Jumamosi. Karani alifungua ghala, akakaa kwenye benchi na kishikwambi chake na kile kiprinta kidogo cha kufunga kiunoni, akaanza kuita watu. Majina yote yaliingia Tunduru. Songea ilikuwa imezimwa tangu jana yake, kwa hiyo hakuna nakala iliyotoka, na Dar es Salaam inayochukua kwa Songea haikupata kitu. Saa sita karani alisimamisha kazi ili yeye na watu wake waende kuswali. Mashine ya Tunduru nayo ikakatiwa umeme. Betri zake za akiba zilivumilia karibu dakika arobaini, kisha zikaisha. Umeme uliporudi mchana, mashine iliwaka taa lakini diski haikusomeka.

Jumatatu ya Pasaka nilikuwa Tunduru. Mlinzi wa jengo lile ni mzee mwenye kofia nyeupe anayefagia uwanja hata upepo ukiwa umeshaufagia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Wanasema mashine inaumwa."

"Inaumwa. Mzee, Ijumaa nani aliukata umeme?"

"Mimi." Alijibu bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeulizwa nani kafagia. "Kila Ijumaa nakata. Saa sita nafunga ofisi, nazima meni swichi, naenda msikitini. Nikirudi nawasha."

"Kila Ijumaa?"

"Tangu nianze kazi. Pale nilipolinda zamani nyumba iliungua kwa waya, na ndani hakukuwa na mtu. Toka siku hiyo siachi umeme kwenye nyumba nisiyokuwemo."

"Mzee, kuna karatasi niliibandika. Imeandikwa USIZIME."

"Nimeiona, iko kwenye mashine. Mashine yako mimi sijaigusa hata siku moja, vumbi lenyewe nalipuliza kwa mbali. Mimi nazima meni swichi."

Alikuwa sahihi. Meni swichi, ile ya umeme wa jengo zima, iko mlangoni, na mlangoni sikubandika kitu. Kwenye mchoro wangu umeme ulikuwa mstari mmoja mwembamba unaoingia kwenye kiboksi. Sikumchora mtu anayefunga mlango.

Niliporudi Songea nilimtafuta mtunzaji wa jengo letu. Anaishi chumba cha nyuma na anaimba besi kwenye kwaya. Nilimkuta anakausha viatu.

"Alhamisi Kuu ulizima?"

"Nilizima, dada. Mazoezi ya kwaya, ibada, halafu kijijini kwa mama mpaka Pasaka. Niache nyumba inawaka siku nne? Ingeungua ungesema mtunzaji mzembe."

"Na Jumapili?"

"Jumapili nazima nikienda misa, nawasha jioni. Kwani hukujua?"

"Sikujua."

"Aa," alisema, akaendelea na viatu. "Mimi nilidhani mashine yako inapumzika. Hata wewe Jumapili si unapumzika?"

Usiku ule nilifungua kumbukumbu za mfumo na kuzisoma kwa tarehe, jambo ambalo ningepaswa kulifanya mwezi wa kwanza. Ijumaa, Tunduru, saa sita na kitu hadi kabla ya alasiri. Jumapili, Songea, asubuhi hadi jioni. Wiki baada ya wiki, bila kuruka. Mfumo ulijua zamani sana nani anaswali lini. Kila mara mashine ya pili ilishika kazi vizuri kabisa, na kwa kuwa ilishika vizuri mimi sikuona sababu ya kuuliza. Diski ya Tunduru ilikuwa inaangushwa ghafla namna ile kila Ijumaa, na kila Ijumaa ilikuwa inainuka ikiwa imechoka zaidi. Ilibaki tu siku moja ambayo Ijumaa ya huyu ingekutana na sikukuu ya yule. Kalenda yenye siku hiyo ilikuwa ukutani kwangu, na siku yenyewe iliandikwa kwa wino mwekundu.

Diski tuliipeleka Dar es Salaam kwa fundi wa kufufua data. Muungano ulikubali kurudisha majina yaliyopotea kwa sharti moja: yasizidi idadi iliyothibitishwa. Usajili ulikwisha kufungwa, na mgao wa salfa ulishapangwa kwa kufuata orodha. Ushahidi pekee wa idadi ulikuwa kiprinta cha karani, ambacho kina hesabu yake ndani. Kinasema siku ile kilitoa karatasi arobaini na moja, na karani anaapa hakurudia hata moja.

Karani alikaa na mwenyekiti wa kitongoji, wakakagua karatasi za watu, wakakumbuka foleni nzima, nani alikaa wapi na nani aligombana na nani. Walipata majina arobaini bila ubishi. Kwa nafasi ya mwisho walipata watu wawili. Mmoja ni mwanaume aliyesema karatasi yake ilikuwa mfukoni mwa shati na shati likafuliwa. Mwingine ni mama mmoja mjane.

Mama huyo alikuja mwenyewe. Alitoka Nakapanya kwa basi, akalala hapa mjini, Msamala, kwa binti wa dada yake, na asubuhi akapiga hodi ofisini akiwa na koti la kuazima. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akalalamikia baridi yetu kwa muda. Kisha akafungua fundo la kanga, ndani ya fundo nailoni, ndani ya nailoni kitu kinachong'aa, akakiweka mezani.

Kilikuwa kikadi cheusi tii, kimefunikwa plastiki ngumu pande zote, kingo zake zimekatwa vizuri. Hakikuwa na herufi hata moja.

"Hiyo ndiyo karatasi yangu," alisema.

Nilijua kilichotokea kabla hajaeleza. Zile karatasi za kiprinta hazina wino. Huandikwa kwa joto, na joto likizidi karatasi nzima hugeuka nyeusi.

"Mwaka jana yangu ilifutika kabla salfa haijafika," alisema. "Nilisumbuka, mwanangu, acha tu. Basi mwaka huu nikasema, hanifuti mtu. Palepale baada ya swala nikapanda bodaboda mpaka steshenari."

"Ukaipiga leminesheni."

"Kama cheti cha ndoa. Iliingia nyeupe, ikatoka hivyo. Yule wa steshenari naye akashtuka, akaniuliza, mama, karatasi yako ilikuwa na nini? Nikamwambia ilikuwa na jina langu."

Alicheka kidogo, nami nikajaribu. Niliinua ile kadi kuelekea dirishani, nikaigeuza huku na huku. Mara moja nilidhani naona tarakimu, kumbe ilikuwa alama ya kidole changu.

"Wewe ndiye mwenye mashine?"

"Ndiyo, mama."

"Wanasema ziko tatu."

"Ziko tatu."

"Na mimi simo hata kwenye moja."

"Humo, mama."

"Subhanallah." Aliitazama mashine yetu kupitia mlango wa kioo, taa zake ndogo za kijani zikipepesa. "Marehemu alikuwa na daftari moja la shule. Kaandika kila mkorosho alioupanda. Hilo bado lipo."

Mikorosho yenyewe ni themanini, na ndiyo yote aliyonayo. Alinieleza bila kulalamika kwamba ugonjwa wa ubwiriunga ukiwahi maua kabla ya salfa, maua yanakauka yakiwa mtini, na msimu umekwenda. Hakuniomba kitu kingine. Alitaka tu ajue kama jina litapatikana, ili kama halipatikani aanze kutafuta namna mapema.

Nilimpeleka kwenye kikao cha kamati ya muungano wiki hiyohiyo. Mwenyekiti alivua miwani, akaipitisha kadi kwa wajumbe.

"Mama, nakuamini," alisema. "Lakini hata risiti ya duka la dawa ukiipiga leminesheni inakuwa nyeusi hivi. Hii nikiiweka kwenye faili, mkaguzi ataniuliza ninamwonyesha nini."

Tukampigia karani, simu ikawekwa mezani wote wasikie.

"Karani, wa mwisho kusajiliwa alikuwa nani?"

"Wazee wangu, wote wawili walikuwa benchini. Adhana ilikuwa inakaribia, watu wanasukumana. Mmoja nilimwambia arudi baada ya swala. Nani nilimwambia, hapo ndipo kichwa kinagoma."

"Jaribu kukumbuka."

"Mzee, yule mwanaume ni mjomba wangu. Nikimtaja yeye, Nakapanya yote itasema nimembeba. Nikimtaja mama, nyumbani sitakula. Bora mashine iseme."

Halafu wakageuka wote kunitazama mimi, wakisubiri mashine iseme.

Mama alirudi kwao na kadi yake. Mimi nikarudi kwenye mchoro. Sasa Tunduru na Songea zinasubiriana tena kwa sahihi mbili, na makarani wanalalamika tena. Dar es Salaam inachukua nakala kwa zote mbili, kila baada ya dakika chache. Mashine zote mbili ziko kwenye waya wao wenyewe usiopitia meni swichi. Mzee wa Tunduru nilikaa naye asubuhi nzima, tukachora pamoja, na sasa kwenye mchoro yumo yeye, na yumo yule wa besi, kila mmoja na siku zake. Mzee bado anazima meni swichi kila Ijumaa saa sita. Ujumbe hauji tena kwenye simu yangu, na ukija nitapiga simu kuuliza. Yote hayo ni ya msimu ujao.

Jana yule mama mjane alinipigia. Alinisalimia, akaniulizia wa nyumbani, akasema mikorosho ya upande wa bondeni imeanza kufungua maua. Akaniuliza kama yule fundi wa Dar es Salaam amejibu. Nikamwambia bado. Akasema, "Inshallah," akakata.

Leo asubuhi nimelinganisha nakala zote tatu za orodha ya Nakapanya, kama ninavyofanya sasa kila siku. Zinafanana hadi herufi ya mwisho. Mstari wa arobaini una jina, mstari wa arobaini na moja hauna, iwe Songea, Tunduru au Dar es Salaam. Lori la salfa linapakiwa Jumatatu, kwa kufuata orodha hiyo.